Kaka Pasi Alipolipima Gari

Kaka yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Pasi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na suruali iliyojikunja. Siku paa la duka lilipovuja, alipanda juu kuziba akiwa na suruali yake ya kijivu, akashuka mwili mzima una vumbi na mstari wa suruali uko palepale. Mpaka leo sijui aliinama vipi. Mimi ni mdogo wake. Nakaa kwenye cherehani ya pili, karibu na dirisha, napiga vifungo, pindo na bitana. Kazi yangu nyingine, ambayo hanilipi, ni kumwambia ukweli.

Basi kaka huyu, baada ya miaka tisa ya kusema "mwakani, Mungu akipenda," aliamua kununua gari. Na sababu ya gari ilikuwa mama.

Mama yetu ana dada mmoja tu duniani, mama yetu mkubwa, anayekaa upande wa pili wa mji. Kila Jumamosi, tangu sisi tukiwa wadogo wa kukimbizana uani, mama alikuwa anapanda basi kwenda kwa dada yake. Wanakaa barazani, wanasema watu, wanacheka, jioni anarudi. Miaka miwili iliyopita mama mkubwa alipoteza macho yote mawili. Mama hakukosa Jumamosi hata moja. Halafu goti la mama la kulia likaanza vituko vyake. Kwanza lilikuwa linauma asubuhi tu, likaja kuuma na mchana, mwisho likavimba likakataa kabisa ngazi za basi. Miezi mitano mama hakwenda.

Na hakusema kwa nini. Hapo ndipo nilipokuwa nagombana naye. Kila dada yake akipiga simu, mama anamwambia, "Dada, dukani kwa watoto kazi zimetujaa, nawasaidia kidogo." Kazi gani? Mama hajashika sindano miaka kumi.

"Mama, mwambie tu goti linakusumbua," nilimwambia siku moja.

"Nyamaza wewe. Mwenzangu ana yake ya kutosha. Nimuongezee na goti? Nitakwenda siku nitakayoingia pale kwa miguu yangu mwenyewe, asisikie hata nakokota. Wewe mwambie kaka yako alete hilo gari."

Haya. Kaka akaenda kuleta gari, na mimi nikamfuata, maana namjua ndugu yangu. Wifi yangu yeye alishajitoa kwenye mjadala mapema. Alisema likija gari lolote lenye milango atapanda, akarudi kulala.

Yadi ya magari ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, kokoto chini na vibendera vilivyopauka juu. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, shati limemtoka upande mmoja wa suruali. Nikaona kaka analitazama lile pindo la shati kwa huruma ya kitaalamu. Tukamweleza: tunataka gari la kumbeba mama, goti linamsumbua, na mara mojamoja tubebe majora ya vitambaa na nguo za harusi.

"Gari lenu hili hapa," muuzaji akasema bila hata kufikiri, akatupeleka kwenye kitu cha mraba, kirefu kwenda juu, mlango wa ubavuni wa kusukuma. Rangi yake ilikuwa ya uji uliopoa. Kwa nje lilifanana na kabati. Ndani siti zilikuwa zimevikwa makava ya kitambaa cha bluu, yamelegea, na mshono umekwenda upogo kuanzia begani mpaka chini.

Kaka alichungulia, akatoa kichwa haraka kana kwamba amekuta mtu anaoga.

"Nani alishona haya?" akauliza.

"Yalikuja hivyohivyo, bosi."

"Mimi siwezi kukaa juu ya mshono huu. Wateja wangu wakiniona nashuka humu nitawaambia nini?"

Nikataka kumjibu, lakini nilipogeuka hakuwepo. Alikuwa ameshafika mwisho wa yadi, amesimama mbele ya gari jingine, mikono nyuma, kimya. Nikajua tumekwisha.

Lilikuwa gari la milango miwili, chini, refu, rangi ya zabibu nyeusi. Limelala pale ardhini utadhani linapumzika. Ndani siti za ngozi, na kwenye ngozi ile mshono wa nyuzi mbili, sambamba, hatua sawasawa, umezunguka kila kona bila kuyumba hata unywele. Kaka akapitisha kidole juu ya ule mshono kuanzia juu mpaka chini. Sijawahi kumwona akimshika hata mkewe kwa adabu namna ile.

"Ona kona hii," akaninong'oneza. "Amegeuza bila kukata uzi."

"Kaka. Mama."

"Najua. Nani kasema nimemsahau mama? Tutapima."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nataka nieleze vizuri, kwa sababu watu wa mtaani wanapenda kuihadithia habari hii wakitia chumvi zao. Kaka hakununua gari lile kwa kichaa. Alilinunua kwa vipimo.

Tulirudi nyumbani, akamsimamisha mama sebuleni kama mteja. Mama akasimama wima, mikono imeachia ubavuni, mkono mmoja umegusa ukuta kidogo kwa ajili ya goti. Kaka akatoa tepu shingoni. Upana wa mabega, akasema, nikaandika. Nyonga. Kiuno mpaka kisigino. Urefu wote. Daftari lile ndilo la wateja; ukurasa wa mama uko katikati ya suti ya bwana harusi na sare za wahudumu wa hoteli. Kesho yake tukaenda yadi na daftari. Kaka akapima uwazi wa mlango, upana wa siti, kutoka mgongo wa siti mpaka pale mbele miguu inapoishia. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili ya tepu.

"Mlango unampokea na inchi tatu zinabaki," kaka akatangaza. "Nyonga zinaingia na inchi nne. Miguu inanyooka yote. Sema sasa."

Nikaangalia tarakimu nilizoandika mwenyewe. Kwenye daftari mama alikuwa ameenea. Muuzaji alikuwa pembeni akikuna kichwa. Nadhani katika maisha yake hakuwahi kuona gari linapimwa kiuno.

"Lakini wateja wengine huwa wanakaa tu ndani, wakajaribu," akasema.

"Sisi tunapima," kaka akamjibu, na mimi, mdomo wangu huu, nikaongeza: "Huyu ni fundi." Kwa kiburi kabisa.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa amevaa tangu alfajiri gauni la kijani ambalo kaka alimshonea, kola ya duara, vifungo vidogo vya mkononi ambavyo nilivipiga mimi. Alikuwa amempigia dada yake simu: "Leo nakuja. Kazi zimepungua." Nikasikia upande wa pili mama mkubwa akisema taratibu, "Haya, mdogo wangu. Karibu." Hiyo "haya" yake sikuipenda, lakini sikujua ina nini.

Majirani walitoka. Kaka alikuwa amelipangusa gari mpaka unaweza kuchania nywele kwenye boneti. Alifungua mlango, akaweka mkono juu ya paa mama asijigonge, bwana mkubwa mwenyewe. Mama akageuka, akatoa mgongo, akaanza kukaa. Akashuka, akashuka, na siti bado haijafika. Mwisho akajiachia akatua: pwa!

"He!" mama akasema. "Hiki ni kiti au kisima?"

"Ni staili hiyo, mama," kaka akasema.

Watu wakacheka, mama naye akacheka. Mimi nikajipenyeza nyuma, mahali ambapo waliotengeneza gari lile walikusudia kuweka mkoba. Nilikaa magoti yamegusa masikio, lakini sikulalamika. Siti zilikuwa nzuri kweli. Nakiri: nililipenda gari lile. Njia nzima watu walikuwa wanageuka kutuangalia, na mimi nikawa natoa shingo ili wajue nyuma kuna mtu.

Tulipofika, mama mkubwa alikuwa amekaa barazani, hatua kumi hivi kutoka getini, amevaa gauni la kutokea, uso ameuelekeza barabarani kwa kusikiliza. Kaka akasimamisha gari mbele ya geti. Akazunguka, akamfungulia mama mlango.

Mama akatoa mguu wa kushoto. Akatoa na wa kulia, taratibu, kwa kuushika na mikono miwili. Akashika fremu ya mlango, akajivuta.

Hakwenda popote.

Akajaribu tena. Nikaona mishipa ya shingo inamsimama. Akanyanyuka kidogo tu, goti likamkatalia, akarudi chini. Kaka akawa amesimama na tai yake, uso umemshuka. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ngoja nikubebe."

"Unibebe?" Mama alinong'ona, lakini kwa ukali ambao sijausikia tangu nilipovunja kioo cha kabati. "Nimengoja miezi mitano niingie humu nimebebwa kama jora la kitambaa? Toka hapa."

"Basi mimi huku, huyu mdogo wangu huku, tukuvute..."

"Nimesema toka."

Na machozi yalikuwa yanamlenga. Kule barazani mama mkubwa akainua kichwa.

"Mdogo wangu? Nimesikia mlango. Mbona huji?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze, mimi na tepu yangu. Tulimpima mama kuanzia bega mpaka kisigino, na tulimpima kama tunavyompima kila mtu, akiwa amesimama. Watu wawili, miaka arobaini ya ufundi tukijumlisha, na hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya gari mtu hasimami.

Mama akafuta macho na kiganja, akakohoa, kisha akaita kwa sauti ya furaha ambayo aliitoa sijui wapi: "Dada! Njoo wewe huku kwanza! Njoo ulione gari la mwanao!"

Mama mkubwa akacheka. "Nilione na macho ya nani?"

"Na mikono. Njoo, usinibishie."

Nikakimbia kwenda kumshika mkono. Mama mkubwa ni mwembamba, mwepesi, hana ugonjwa wowote zaidi ya macho. Alianza na boneti, akapapasa taa, akapapasa paa. "Mbona limekaa chini hivi? Limechoka?" Kaka akasema halijachoka, Mama mkubwa, ndivyo yanavyokuwa. Akamkalisha upande wa dereva, maana ndiyo siti iliyokuwa wazi. Mama mkubwa akajichomeka ndani bila shida, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mwanangu, funguo umetoa?"

"Nimetoa, Mama mkubwa."

"Umefanya vizuri. Mimi ningeondoka."

Mama akarudisha miguu ndani, wakafunga milango. Kaka na mimi tukaachwa nje, tumekaa ukingoni mwa mtaro, yeye ametandika leso kwanza. Vioo vilikuwa vimeshushwa, kwa hiyo tulisikia kila kitu, na sitasema kwamba nilijizuia kusikiliza. Mwanzo walizungumza mambo ya kawaida, jirani aliyehama, dawa za macho, bei ya sukari. Mama mkubwa alikuwa anapapasa siti. Akaupata ule mshono, akaufuata na kidole, akasema, "Huyu aliyeshona hapa ni mtu." Kaka alinigusa na kiwiko.

Mkono wake ukaendelea kusogea, ukavuka katikati, ukafika kwenye paja la mama, ukashuka. Ukafika kwenye goti, ukasimama.

"Hili ni goti lako?"

Mama akajaribu kuuondoa ule mkono.

"Limekuwa kubwa hivi tangu lini?"

"Kidogo tu, dada. Miezi... miezi mitano."

Mama mkubwa akajisogeza karibu. Alilifunika lile goti kwa viganja vyake viwili.

"Kwa hiyo ni goti," akasema. "Miezi mitano mimi nakaa pale barazani kila Jumamosi, nafikiri umenichoka. Nikasema, nani atapoteza siku yake kukaa na kipofu. Nikasema hata mimi nisingekuja. Kumbe ni goti!"

Mama akaanza kulia, na safari hii hakujificha. "Sikutaka uwe na wasiwasi."

"Sasa ulinipunguzia wasiwasi gani, mjinga wewe?" Naye akawa analia, anamtukana mdogo wake, analia. "Kazi dukani! Wewe na kazi wapi na wapi! Shuka twende ndani."

"Siwezi, dada. Nimenasa. Gari liko chini, goti halininyanyui. Ndiyo maana nimekuita."

Nilidhani mama mkubwa atasikitika. Alicheka mpaka paji la uso likagonga honi, watu wa nyumba tatu wakatoka nje. Kisha akafungua mlango wake, akazunguka gari akilishika paa, akafika upande wa mama, akamfungulia, akasimama imara miguu imeachana.

"Nipe mikono."

"Dada, utaumia."

"Nimekubeba mgongoni mwezi mzima ulipougua surua, na ulikuwa mzito kuliko ndoo ya maji. Nipe mikono."

Kaka alinyanyuka asaidie. Nikamvuta suruali, pale pale kwenye mstari, akakaa. Mama alitoa mikono yote miwili. Mama mkubwa akahesabu, moja, mbili, akaegemea nyuma, na mama akatoka kwenye lile shimo akasimama kwa miguu yake. Wakakumbatiana pale getini. Halafu wakaingia ndani wameshikana viuno, mmoja haoni anapokwenda, mwingine anachechemea, kila mmoja anamwambia mwenzake aangalie ngazi. Mimi nilijifanya kitu kimeniingia jichoni. Kaka hakujifanya, alilia wazi, kisha akanyoosha tai.

Kwenye kurudi, mama mkubwa ndiye aliyemshusha tena kwenye siti, taratibu. Nyumbani kumtoa kulihitaji mimi, wifi na jirani mmoja, na mama alikubali, alikuwa amechoka na amefurahi. Kaka hakula. Usingizini, wifi ananiambia, alikuwa anahesabu inchi.

Jumatatu alimkalisha mama kwenye kiti chake cha kulia chakula, kile anachonyanyuka mwenyewe bila kushika kitu, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiti. Inchi ishirini. Halafu akakibeba kiti kichwani, naapa, akatoka nacho na tai yake mpaka yadi ya magari, mimi nyuma yake. Akakiweka juu ya kokoto kando ya lile gari la kabati. Siti ya gari na kiti vilikuwa usawa mmoja. Ungeweka rula ingelala. Kaka akakaa kwenye kiti, akahamia kwenye siti, akarudi kwenye kiti. Muuzaji akamtazama muda mrefu.

"Leo unakaa?" akamuuliza.

"Leo nakaa," kaka akasema kwa unyenyekevu.

Walibadilishana gari kwa gari. Muuzaji alikunja sura kidogo kwa ajili ya heshima ya biashara, lakini lile la rangi ya uji lilikuwa limemdodea mwaka mzima, na la zabibu alishapata mtu wa kulitaka. Kaka hakugeuka kulitazama. Ila njia nzima alikuwa anaendesha kabati lake kimya kama mtu aliyetoka mazikoni, na mimi kwa mara ya kwanza sikumtania. Yalikuwa mazishi yangu pia.

Ile wiki, duka lilifungwa siku mbili. Alivua yale makava ya bluu, akayakunja kwa vidole viwili, akayatupa. Akakata mapya kwenye kitambaa kizito cha rangi ya zabibu nyeusi, akayashona kwa nyuzi mbili, sambamba, na kila kona akageuza bila kukata uzi. Siti ya mama, ya mbele, aliirudia mara tatu. Kwa nje gari limebaki kabati. Kwa ndani, mtu anayejua kazi akiingia atavua kofia.

Jumamosi mama alifungua mlango, akakaa kama anakaa mezani. Tulipofika kwa mama mkubwa alikataa mkono wa kaka, akakataa na wangu. Akaweka miguu chini, akanyanyuka, akasimama. Kisha akatembea zile hatua kumi mwenyewe, pole pole, wala hakujaribu kuficha kuchechemea. Mama mkubwa alikuwa amesimama barazani, amenyoosha mikono, anasikiliza zile nyayo moja moja.

"Huo wa kulia unaukokota," akamwambia.

"Ndiyo, naukokota."

"Kokota, kokota, njoo."

Walipokwisha kukumbatiana mama akamvuta aje apapase gari jipya. Mama mkubwa akapapasa ubavu ulionyooka kama ukuta, akapandisha mkono kulitafuta paa, asilifikie. Akaingia ndani, akaupata mshono, akaufuata mpaka mwisho. Kaka alikuwa amesimama pembeni hapumui.

"Mshono ni uleule," mama mkubwa akasema. "Safi sana, mwanangu." Kisha akashuka, akakung'uta mikono, akakunja uso. "Lakini lile la kwanza liko wapi? Maana lile, kwa kweli, ndilo lilikuwa gari."

Kaka alinitazama. Nami nikamtazama. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: "Mama mkubwa, hata sisi tunalikumbuka."